Tununue VR Sasa ama Tungoje? Historia Iko na Jibu

Wasee, hili swali naulizwa kila wiki, na huwa linakuja kwa maneno yaleyale: "Niko na kitu kama 40k. Ninunue miwani ya VR saa hii ama ningoje ile ingine itoke?"

Watu wengi wakiulizwa hivi wanaanza kulinganisha lenzi, skrini na betri. Mimi naona hapo ndipo tunapotea. Swali lenyewe ni la wakati: ni saa ngapi ya kuingia kwenye kitu ambacho bado kinajengwa. Na kwa VR, swali la wakati linaweza kujibiwa, kwa sababu hiki kitu si kipya hata kidogo. Kimeahidiwa kwa vijana waliotutangulia, wakaambiwa mwaka ujao ndio huu, wakazeeka.

Halafu tuwe wakweli, 40k si pesa ya kuchezea. Hiyo ni kodi ya bedsitter kwa miezi kadhaa. Ni laptopu ya mtumba ambayo inaweza kukulisha. Kuna mtu anataka kuichukua kwa mkopo wa simu, ile ya kulipa mdogo mdogo na riba inapanda kila ukilala. Ndio maana naandika hii ndefu hivi. Chukua chai.

Ujanja wenyewe una karibu miaka 190

Mwaka wa 1838, Mwingereza mmoja anaitwa Charles Wheatstone aliwaeleza wanasayansi wa Royal Society kule London jambo ambalo leo linaonekana rahisi. Jicho lako la kulia na la kushoto haviangalii dunia kutoka mahali pamoja. Kila moja linapata picha tofauti kidogo, na ubongo unaziunganisha mpaka unaona kina, yaani unaona kikombe kiko karibu na mlango uko mbali. Wheatstone akasema: nikichora picha mbili na kulipa kila jicho yake, ubongo utadanganyika. Akatumia vioo viwili na michoro. Kamera hazikuwa zimeingia sokoni bado.

Baadaye Mskoti David Brewster akatengeneza toleo dogo lenye lenzi, la kushika mkononi. Lilionyeshwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka wa 1851, Malkia Victoria akalipenda, na baada ya hapo likawa fasheni ya sebuleni Ulaya na Marekani. Familia zilikaa jioni zikiangalia piramidi za Misri bila kutoka kwenye kiti.

Sasa fungua hedseti yoyote ya leo. Ndani kuna nini? Picha mbili na lenzi mbili. Ile kanuni ya Wheatstone haijabadilika. Kilichoongezwa ni kompyuta inayobadilisha picha kulingana na unakoelekeza kichwa.

Hiyo sehemu ya kichwa ilikuja mwaka wa 1968. Mmarekani Ivan Sutherland na wanafunzi wake walijenga kifaa cha kuvaa kichwani ambacho kilijua umegeukia wapi. Kilikuwa kizito mpaka kikaning'inizwa kutoka darini kwa mkono wa chuma, na watu wakakipa jina la Upanga wa Damocles, ile hadithi ya Wagiriki ya upanga unaoning'inia juu ya kichwa cha mtu kwa unywele mmoja. Ulichokuwa unaona ndani ni mistari tu, kama boksi lililochorwa hewani. Lakini ukizunguka, boksi linabaki mahali pake. Huo ndio ulikuwa mlango.

Kumbuka hiyo tarehe. Safari ya kwanza ya watu mwezini ilikuwa mwaka wa 1969. Kwa hivyo kifaa cha VR cha kuvaa kichwani kilitangulia Neil Armstrong kukanyaga mwezi. Mtu akikuambia "VR ndio imeingia juzi", mpe hii.

Miaka ya 90: ahadi kubwa, kichwa kinauma

Jina "virtual reality" lilienezwa na kijana mwenye rasta, Jaron Lanier, na kampuni yake VPL Research huko California miaka ya 80. Waliuza miwani iliyoitwa EyePhone (ndio, kabla ya iPhone) na glavu ya kushika vitu vya ndani ya kompyuta. Miwani pekee ilikuwa maelfu ya dola, na bado ulihitaji kompyuta za bei ya nyumba kuiendesha. Magazeti yaliandika kama vile kesho tutahamia huko sote. Mwanzoni mwa miaka ya 90 kampuni ikafilisika.

Mwaka wa 1991 Waingereza wa Virtuality wakaleta mashine za kulipia kwenye kumbi za michezo. Unasimama ndani ya duara, unavaa kitu kikubwa kichwani, unapiga risasi dakika chache, pesa imeisha. Watu walipanga foleni, kisha foleni ikapungua. Kufikia mwaka wa 1997 hiyo kampuni nayo ilikuwa imeanguka.

Sega walitangaza hedseti ya nyumbani, wakaionyesha mwaka wa 1993, halafu wakaizika kabla haijauzwa.

Kisha Nintendo. Hii nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ndio somo la bei ya juu zaidi kwenye hii historia.

Gunpei Yokoi alikuwa mmoja wa watu wakubwa kabisa pale Nintendo. Ndiye aliyeongoza kazi ya Game Boy, ule mchezo wa mkononi uliouzwa mamilioni kwa mamilioni. Mwaka wa 1995 akaleta Virtual Boy, kwa dola 179.95 kule Marekani. Jina lilisema "virtual", tangazo lilisema dunia mpya. Ukiingiza macho ndani unakuta rangi mbili: nyekundu na nyeusi. Haikuwa ya kuvaa. Ilisimama mezani kwa miguu miwili na wewe unainama kama mtu anaangalia kisima. Haikufuata kichwa chako kabisa. Watu walilalamika macho na shingo. Ziliuzwa kama 770,000 hivi, na kabla ya mwaka kuisha tangu itoke, Nintendo walikuwa wameiacha. Michezo yote iliyotengenezwa kwa ajili yake, Japani na Marekani pamoja, ni 22 tu. Yokoi akaondoka Nintendo mwaka wa 1996.

Fikiria kijana wa mwaka wa 1995 aliyeweka akiba ya miezi akainunua wiki ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye ana mashine nzima, haijaharibika, lakini hakuna mchezo mpya utakaokuja. Hicho ndicho kifo cha gajeti: kifaa kinawaka vizuri lakini waliokitengeneza washahama.

Kilichoifufua VR ni simu yako

Kwa nini miaka ya 90 ilishindwa? Si kwamba watu walikuwa wajinga. Vifaa havikuwa tayari. Ili ubongo udanganyike vizuri, ukigeuza kichwa picha lazima ifuate haraka sana, ndani ya takriban sehemu 20 za elfu ya sekunde. Ikichelewa, macho yanasema "tumesimama" na sikio la ndani, lile linalopima mwendo, linasema "tumegeuka". Mwili ukikosa kuelewana hivyo unahisi kutapika. Ukitaka kuelewa hii bila hedseti, soma simu ndani ya matatu inayopinda kona za Limuru.

Kurekebisha hilo kulihitaji skrini ndogo kali, sensa za mwendo za bei rahisi na chipu yenye nguvu isiyokula moto. Hakuna kampuni ya VR ingeweza kugharamia hayo yote peke yake. Aliyegharamia ni soko la simu. Baada ya iPhone ya 2007 na Android zilizofuata, viwanda vilitengeneza hizo sehemu kwa mabilioni, na bei ikaanguka.

Hapo ndipo anaingia Palmer Luckey, kijana wa California aliyekuwa akikusanya hedseti za zamani na kuunganisha za kwake nyumbani. Agosti 2012, akiwa na miaka 19, yeye na wenzake waliomba dola 250,000 kwa mchango wa umma kwenye Kickstarter kutengeneza Oculus Rift. Walipata karibu milioni 2.4. Machi 2014, kabla hata bidhaa ya dukani itoke, Facebook wakatangaza kuinunua kampuni kwa dola bilioni 2. Na ndio, Luckey aliacha chuo. Kwa vile nami niliacha, watu hupenda kunirushia huo mfano. Jameni, kuacha chuo hakukumpa mtu bilioni mbili. Soko la simu lilikuwa limemwandalia meza na yeye akawa tayari ameketi.

Simu hiyohiyo ikaleta njia ya mkato. Mwaka wa 2014 Google walitoa Cardboard, boksi la kadibodi lenye lenzi mbili. Unaingiza simu, basi. Novemba 2015 gazeti la New York Times likatumia wasomaji wake zaidi ya milioni moja bure. Samsung nao wakaleta Gear VR ya dola 99. Hapa kwetu yakaingia yale maboksi ya plastiki ambayo uliyaona kwenye maduka ya simu mjini. Wengi wetu VR yetu ya kwanza ilikuwa hiyo: rola kosta moja ya YouTube, kizunguzungu, kicheko, halafu boksi likakaa juu ya kabati mpaka leo. Google walikuwa na hedseti nyingine ya simu inaitwa Daydream. Waliianza mwaka wa 2016 na kuiacha mwaka wa 2019. Gear VR nayo ikafa hivyohivyo.

Sasa tupige hesabu

Hapa toeni kalkuleta, maana hii ndio sehemu inayojibu swali.

Oculus Rift ilitoka Machi 2016 kwa dola 599, bila vishikio vya mikono. Vishikio vikaja Desemba kwa dola 199. Jumla 798. Machi 2017, vyote pamoja vikashuka hadi 598. Kati ya mwaka huohuo wakaweka ofa ya 399. Yaani aliyengoja karibu mwaka na nusu alilipa nusu kamili. Na hatujahesabu kompyuta ya nguvu ambayo Rift ilihitaji kando.

Oculus Quest ya kwanza, ile isiyohitaji kompyuta wala waya, ilitoka Mei 2019 kwa 399. Miezi 17 baadaye, Oktoba 2020, Quest 2 ikaja: bora kwa karibu kila kitu, na dola 100 chini. Kisha mwanzoni mwa mwaka wa 2023 wenye Quest ya kwanza wakaambiwa hakuna vipengele vipya tena.

Quest Pro, Oktoba 2022: dola 1,499. Machi 2023: 999. Miezi mitano, dola 500 zimeyeyuka. Aliyeinunua kwa mkopo huenda alikuwa bado anaulipa.

Windows Mixed Reality ndio inayouma zaidi. Mwaka wa 2017 Microsoft na kampuni kama HP, Dell, Lenovo, Acer na Samsung waliuza hedseti za kuunganisha na kompyuta. Desemba 2023 Microsoft wakatangaza kwamba wanaachana nayo, na toleo la Windows 11 la mwaka wa 2024 likaiondoa kabisa. Hedseti zima, zisizo na mkwaruzo, zikapoteza mfumo uliokuwa unaziendesha.

Apple Vision Pro, Februari 2024: dola 3,499. Kwa kiwango cha kama shilingi 130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya 450,000 bob. Tuendelee tu.

Sasa nisiwe mtu wa kuleta ushahidi wa upande mmoja. Kuna wakati waliongoja walichomeka. Agosti 2022, Meta walipandisha Quest 2 kutoka 299 hadi 399 wakisema gharama za kutengeneza zimepanda. Aliyekuwa akisubiri ishuke akajikuta anaongezewa dola 100 kwa kifaa kilekile cha miaka miwili. Ilirudi chini baadaye, lakini ilichukua muda. Kwa hivyo kusema "VR hushuka bei tu" si kweli. Mara nyingi hushuka. Si lazima.

Na kuna hoja nyingine ya upande wa kununua sasa. Kitengo cha Meta kinachotengeneza hizi hedseti kilipata hasara ya dola bilioni 16 na kitu mwaka wa 2023, na bilioni 17.7 mwaka wa 2024. Hiyo inamaanisha bei za mwishoni mwa mwaka wa 2024, 299 kwa Quest 3S iliyotoka Oktoba 2024 na 499 kwa Quest 3, zilikuwa zinabebwa na kampuni inayopata pesa zake kwa matangazo. Mtu anaweza kusema: nunua wakati tajiri bado anakulipia. Ni hoja nzuri. Lakini igeuze uone upande wa pili: tajiri anaweza kuchoka. Na akichoka, huyo mwenye hedseti atakuwa kama yule kijana wa Virtual Boy.

Kenya tushaona hii sinema

Tusiangalie Marekani pekee. Sisi wenyewe tuko na historia ya kununua mapema.

Desemba 2009 serikali ilizindua TV ya dijitali Nairobi kwa mfumo wa DVB-T. Kuna watu waliwahi wakanunua visimbuzi. Baadaye nchi ikahamia mfumo mpya, DVB-T2, na kisimbuzi cha zamani hakiwezi kusoma mawimbi ya mfumo mpya. Waliowahi wakanunua mara mbili. Kisha mwanzoni mwa mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ikazimwa, na yule aliyekuwa amekaa kitako akanunua kisimbuzi kimoja tu, sahihi, kilichokuwa tayari na vituo vya kuangalia.

Simu nayo. Zilipoanza kutumika hapa mwanzoni mwa miaka ya 90, simu ya mkononi ilifika kama shilingi 250,000. Ilikuwa ya mabwanyenye wa kuiweka juu ya meza hotelini ili ionekane. Haikubadilisha maisha ya mtu Kayole ama Kisauni. Ilianza kubadilisha baada ya mwaka wa 2000 bei iliposhuka, na ikawa kitu kingine kabisa Machi 2007 M-Pesa ilipoingia, kwa sababu sasa simu ilikuwa na kazi. Hivyohivyo intaneti ya mkononi: wengi mnakumbuka Ideos ya Huawei, ile Android ndogo ya mwaka wa 2011 iliyouzwa kama elfu nane hivi. Haikuwa simu bora duniani. Ilikuwa simu ambayo kaka yako mkubwa angeweza kuinunua, na ikamwingiza mtandaoni.

Kwa hivyo mimi huwa najiuliza maswali mawili kuhusu teknolojia yoyote inayokuja: Ideos yake imefika? Na M-Pesa yake imefika? Bei ya mwananchi, na kazi inayomfanya mwananchi aihitaji.

Kwa VR, naona Ideos inakaribia. Quest 3S inatumia chipu ileile ya Quest 3, ila lenzi zake ni za aina ya zamani na skrini ni ya chini kidogo. Dola 299 za mwaka wa 2024 zilikuwa kama 39,000 bob. Lakini hiyo ilikuwa bei ya dukani Marekani ilipotoka. Ongeza usafiri, ushuru, VAT ya 16%, na faida ya aliyeileta, ndio utajua kwa nini ile ya hapa mjini ni ghali zaidi. Na ukiinunua kwa mwagizaji, waranti ni ahadi ya mdomo. Lenzi ikikwaruzwa ama kishikio kikifa, nani atakutengenezea?

M-Pesa yake? Hiyo sijaiona. Michezo iko, na mingine ni mitamu sana. Mazoezi ya mwili yako. Lakini hakuna kitu ambacho ukikosa VR leo, maisha yako Kenya yanakwama. Na hata michezo haiko salama: Echo VR ulikuwa mchezo wenye mashabiki wa damu, na Agosti 2023 Meta wakauzima. Hata kama ulikuwa na timu yako, umezimwa. Kumbuka pia Quest 2 ilipotoka ilibidi uwe na akaunti ya Facebook ndio uitumie, sharti ambalo liliondolewa mwaka wa 2022 baada ya kelele nyingi. Hiki kifaa unakilipia wewe lakini funguo anazo mwingine.

Lakini kuna Wakenya hawakungoja

Hapa ndipo watu wa "ngoja tu" wananikosa. Mwaka wa 2017, wakati sisi tulikuwa tunacheka na rola kosta ndani ya maboksi ya plastiki, Nest Collective wa Nairobi walitengeneza filamu ya VR, Let This Be a Warning, kuhusu Waafrika walioihama dunia na kuanzisha makao yao mbali, halafu mgeni asiyealikwa anatokea. Ng'endo Mukii, msanii wetu wa katuni, akatengeneza Nairobi Berries, VR kuhusu jiji hili. Na kampuni ya BlackRhino VR ya papa hapa Nairobi imejenga biashara ya kutengenezea wateja video na kazi za VR.

Hawa hawakununua kifaa cha kutazamia. Walinunua kifaa cha kazi. Hedseti yao ikizeeka haijalishi sana, kwa sababu kile walichojifunza hakizeeki nayo: jinsi ya kusimulia hadithi wakati mtazamaji anaweza kugeuka aangalie nyuma, jinsi ya kuweka sauti, jinsi ya kutomfanya mtu atapike. Virtual Boy ilikufa, Cardboard ikafa, lakini ujuzi uliruka kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Historia yote hii inanionyesha kitu kimoja. Waliopoteza kwa kuingia mapema karibu wote walikuwa watumiaji. Waliopata kwa kuingia mapema karibu wote walikuwa watengenezaji.

Basi, jibu

Kama unataka VR kwa ajili ya kucheza na kuonyesha mabeshte, ngoja. Hupotezi kitu. Nenda kwenye zile kumbi za michezo za mall ambapo unalipa kwa dakika, ucheze ushibe. Utajua pia kama mwili wako unaikubali, maana kuna watu hutapika wakisimama tu. Usigundue hilo baada ya kulipa 40k. Na kama unavaa miwani ya macho, jaribu ukiwa nayo usoni.

Kama ni kwa mkopo, jibu ni hapana. Sina maelezo zaidi. Kifaa ambacho kinaweza kupoteza thuluthi ya bei kwa miezi mitano hakikopewi.

Kama unataka kutengeneza, basi uliza swali tofauti: wiki hii, kabla sijanunua, nimetengeneza nini? Blender ni bure. Unity ina toleo la bure. Meta wana programu ya kuiga hedseti ndani ya kompyuta ili ujaribu kazi yako bila kuwa nayo. Ukimaliza miezi mitatu hapo na uko na kitu, hata kama ni chumba kimoja chenye kiti na dirisha linaloangalia Thika Road, nunua. Nunua hata kama mpya inakuja, kwa sababu mpya huwa inakuja kila mara. Hakikisha tu ni modeli inayopata masasisho sasa, si ile ya mwaka juzi ambayo jamaa anaiuza rahisi kwa sababu anajua kinachokuja. Na ukumbuke bando: michezo na programu ni gigabaiti kwa gigabaiti, bila Wi-Fi ya nyumbani utalia.

Kama hiyo miezi mitatu imekushinda, umepata jibu lako bure, na 40k yako bado iko.

Mimi mwenyewe? Pesa niko nayo, na kwa kazi yangu ya kontenti watu hunisukuma kila siku, ati mwenye kuwahi ndiye mwenye kula. Nimeamua hiyo pesa inaenda kwenye laptopu yenye kadi ya picha inayoweza kubeba Blender. Nikitengeneza kitu cha kwanza kinachofaa kuonwa kwa macho mawili, ndio nitatafuta hedseti.

Wheatstone alianza na michoro ya mkono. Kamera ilimkuta tayari anajua anachotafuta.